Namba ya Babu na Kurasa za Mwisho za Afterlives

Kila ninapokutana na mtu aliyesoma Afterlives ya Abdulrazak Gurnah, lalamiko ni lilelile: mwisho unakimbia. Riwaya nzima inatembea taratibu, inakaa barazani jioni, inasimama karakanani kunusa mbao, halafu kurasa chache za mwisho zinaruka miaka, zinafika Ujerumani, zinafungua majalada, zinatoa jibu. Kwisha. Hata mimi nilipokisoma mara ya kwanza, mwishoni mwa 2021, wakati kila mtu alikuwa anasaka vitabu vya Gurnah kwa sababu ya Nobeli, nilikifunga nikasonya.

Mwaka huu nimekirudia kwa sababu ambayo si ya kifasihi. Namtafuta babu yangu. Na nikiri mapema kwamba sasa nautetea ule mwisho, ingawa si wote. Nitausimulia humu, kwa hiyo ambaye hajasoma aamue mwenyewe kama ataendelea.

Kiini cha kitabu ni mtu asiyekuwepo. Ilyas, ambaye utotoni alichukuliwa na askari wa Wajerumani kisha akasomeshwa misheni, anafika katika mji wa pwani usiotajwa jina. Anapata kazi kwenye shamba la mkonge kwa sababu anajua Kijerumani. Anakwenda kijijini kumchukua dada yake mdogo, Afiya, anamfundisha kusoma na kuandika. Vita vya 1914 vinapokaribia, anajiandikisha jeshini, anaondoka. Harudi. Barua haiji, habari ya kaburi haiji. Wajerumani wanashindwa, Waingereza wanaingia, Afiya anakua, anaolewa na Hamza, ambaye naye alikuwa askari wa Wajerumani na amerudi akiwa anachechemea. Wanapata mtoto wa kiume, wanamwita Ilyas. Na mjomba bado hajarudi. Nyumba inapika, inalala, inagombana, na swali liko palepale, hadi linatokea kwa njia ambayo nyumba nyingi za kwetu zinaijua: mtoto anaanza kusikia sauti, na sauti inamuulizia Ilyas.

Mpangilio huu naupenda sana. Katika vitabu vingi vya "kutafuta mizizi" mtu anaanza na sanduku la barua darini. Kwa Gurnah utafutaji unaanza na maradhi. Wanaitwa waganga kabla haijafunguliwa kabati lolote la nyaraka. Anayedhani huo ni urembo wa hadithi tu, basi hajakaa na familia ambayo mtu wake aliondoka bila kuaga.

Kwetu hakukuwa na sauti. Kulikuwa na namba. Babu mzaa baba, mtu wa Songea, aliondoka nyumbani wakati wa vita vya Hitler, baba yangu akiwa bado mtoto wa kubebwa mgongoni, akarudi vita vimekwisha. Hapo hakuna ubishi. Ubishi ni alikuwa wapi. Alirudi na koti zito, blanketi la kijivu, na namba ya tarakimu nne ambayo alikuwa akiitaja akishakunywa kidogo, au akitaka kutuchekesha wajukuu. Anasimama wima, anabana mikono ubavuni, anaitaja tarakimu moja moja kama mtu anayeitikia. Baba alituambia ni namba yake ya Keya, na kwamba alipigana Bama. Tumekua tunajua hivyo. Msibani ilisomwa hivyo kwenye wasifu wa marehemu, na wazee wawili watatu wakatikisa vichwa kwa heshima.

Shangazi yangu siku ile hakusema kitu. Alikuja kusema miaka mingi baadaye, tena jikoni, wala sikumuuliza: "Baba yetu hiyo Bama hajaiona. Mama alituambia. Alikuwa manamba huko Tanga."

Kwa vijana ambao neno hilo limewapita: manamba ni vibarua wa mkataba wa mashamba ya mkonge, na jina lenyewe limetokana na namba, maana kila mmoja alikuwa na yake. Sasa angalieni jinsi mambo yanavyobanana. Japani ilipoziteka Ufilipino na visiwa vya Indonesia mwaka 1942, nchi washirika zilikosa kamba. Mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita kama risasi, na serikali ya kikoloni ikaanza kuwachukua watu kwa amri kuwapeleka mashambani. Kwa hiyo mtu wa Songea aliyeondoka miaka ile kwa amri ya Mwingereza, akapewa namba, akarudi na blanketi, anaweza kuwa askari na anaweza kuwa manamba. Akisema alikuwa "kwenye vita" hasemi uongo kwa upande wowote. Namba ni ileile.

Hapo ndipo nilipoanza kutafuta, na ndipo kurasa za mwisho za Gurnah zilipoanza kunikera kwa namna mpya, halafu kunisaidia.

Jambo la kwanza unalojifunza ni kwamba orodha nyingi ziliandikwa kwa ajili ya waliokufa. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola imeweka orodha zake mtandaoni, unaandika jina unasubiri. Pale Taukkyan, nje ya Yangon, kuna mnara wenye majina karibu 27,000 ya watu waliokufa Burma bila kaburi linalojulikana, na Waafrika wamo. Lakini babu alirudi, na mtu aliyerudi hai hana jiwe. Na hata hao wafu usidhani wameorodheshwa wote. Mwezi Aprili 2021 tume hiyohiyo ilitoa ripoti ikikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, waliokufa kwa ajili ya dola ya Uingereza katika vita vya kwanza hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri. Wapagazi hasa. Kila siku tunashuka daladala Kariakoo, na Nairobi wanashuka Kariokor, na majina yote mawili yametokana na kikosi cha wapagazi hao. Jina la kikosi limebaki kuwa soko. Majina ya watu ndiyo yaliyopotea.

Kuhusu Burma yenyewe, habari za vikosi zipo tele. Bataliani ya 26 na ya 36 za Keya, zilizozaliwa kutoka ya 6 ya Tanganyika, zilikuwa ndani ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyoshuka bonde la Kabaw kwenye mvua za 1944 na kuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Shajara za vita za bataliani hizi zimehifadhiwa Kew, London. Rafiki yangu aliyeko huko alinipigia picha kurasa kadhaa. Nilizikodolea macho usiku kucha, maskini, kama mtu anayeangalia matokeo ya mtihani. Maofisa wanatajwa kwa majina: fulani ameumwa, fulani amekwenda likizo, fulani amerudi. Askari wanatajwa kwa hesabu. Hali ni hiyohiyo kwenye kumbukumbu za ushujaa. Mei 1941, huko Colito, Ethiopia, sajini Nigel Leakey wa bataliani ya 1/6 aliparamia kifaru cha Waitaliano akauawa, akapewa Msalaba wa Victoria baada ya kifo. Alistahili, sibishi. Ila bataliani ile ilikuwa ya Watanganyika, na nikikuomba unitajie mmoja wao aliyekuwa Colito siku ile utanyamaza, kama nilivyonyamaza mimi.

Medali nazo hazisaidii. Zile nyota za vita vya pili walizotoa Waingereza, ikiwemo Nyota ya Burma, kwa kawaida hazikuchongwa jina la mtu. Ukiikuta kwenye sanduku la babu, inaweza kuwa yake, inaweza kuwa aliipokea rehani kwenye kilabu cha pombe. Sisi hatukuikuta.

Turudi kwa Gurnah. Katika kurasa zile za mwisho, Ilyas mdogo, sasa mtu mzima na mtangazaji wa redio, anapata nafasi ya kwenda kusoma Ujerumani Magharibi miaka ya 1960, na huko anapekua nyaraka hadi anampata mjomba. Anachokipata ni kichungu. Mjomba hakufa vitani. Alikwenda kuishi Ujerumani, akawa mwimbaji, akaandamana na Wanazi waliotaka makoloni yarudishwe, kisha Wanazi haohao wakamfunga kwa kosa la kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Akafia kambi ya Sachsenhausen.

Anayeijua habari ya Bayume Mohamed Husen ataona kuna ukaribu. Husen alizaliwa Dar es Salaam mwaka 1904 kwa jina la Mahjub bin Adam Mohamed, mtoto wa askari, na yeye mwenyewe aliingia jeshi la Wajerumani akiwa mtoto wakati wa vita vya kwanza. Mwaka 1929 alitua Berlin kudai mishahara, wake na wa baba yake, ambayo haikuwahi kulipwa. Wakamkatalia. Akabaki huko. Alikuwa mhudumu wa mkahawa, alisaidia kufundisha Kiswahili chuo kikuu, alicheza vipande vidogo kwenye filamu, zikiwemo za propaganda ya ukoloni. Mwaka 1934 aliomba nishani ya wapiganaji, wakamkatalia tena. Mwaka 1941 akakamatwa, na tarehe 24 Novemba 1944 akafa Sachsenhausen. Tangu 2007 kuna kijiwe cha shaba chenye jina lake kwenye njia ya waenda kwa miguu, Brunnenstraße, Berlin.

Jiulizeni kwa nini tunayajua haya yote. Kwa sababu alidai. Kila alipodai fedha au nishani, karani alifungua jalada, na alipokamatwa karani mwingine akafungua jingine. Nyaraka za serikali hazimkumbuki mtu kwa sababu aliishi. Zinamkumbuka alipoisumbua serikali. Babu yangu hakudai chochote. Aliporudi alilima, akazaa, akanywa pombe yake ya jioni, akataja namba yake mbele ya watoto. Hakuna karani aliyewahi kuwa na sababu ya kufungua jalada.

Ndiyo maana siku hizi siuoni tena mwendo wa mwisho wa Afterlives kuwa uzembe. Sauti ya kurasa zile ni sauti ya majalada yenyewe: tarehe, anwani, kosa, kifo. Baada ya kurasa mia mbili na zaidi za watu wanaovuta pumzi, ghafla mtu tuliyemsubiri anarudi kama muhtasari. Inaudhi, na nadhani inafaa kuudhi, maana familia inayosubiri miaka hamsini inapewa kipande cha karatasi na kuambiwa huyu hapa mtu wenu. Kama Gurnah angetuandikia sura nzima ya Ilyas akiimba Hamburg, akicheka, akinyoa ndevu, tungefurahi zaidi na tungedanganywa zaidi.

Lakini siutetei wote. Kuna kosa moja ambalo wahakiki wengi nadhani wamelipita, na mimi limeniuma kwa sababu zangu. Ilyas mdogo mwenyewe anajiunga na Keya wakati wa vita vya pili. Mtoto wa Hamza, ambaye baba yake aliponea chupuchupu kwenye jeshi la mkoloni mmoja, anakwenda kuvaa sare ya mkoloni mwingine! Hapo pana riwaya nzima. Hamza alisema nini usiku ule? Afiya, aliyempoteza kaka kwa njia ileile, alimfungia nini kwenye kitambaa cha safari? Gurnah anapita hapo kwa mistari michache, mbio, kwa sababu anawahi Ujerumani. Wakati kile ndicho kizazi cha babu zetu, watu karibu 87,000 waliotoka Tanganyika peke yake. Mwandishi aliyekaa kwa subira ya ajabu juu ya vita vya 1914 anaviona vya 1939 kama kituo cha kubadilishia treni. Nimesoma sehemu ile mara tatu nikitafuta dirisha la kuchungulia. Hakuna.

Ukitaka dirisha, nenda kwa Biyi Bandele. Burma Boy, iliyotoka 2007, inamfuata Ali Banana, kijana wa Nigeria anayedanganya umri ili apelekwe porini Burma. Ni kitabu cha matope, matusi, njaa na vicheko vya watu wanaoogopa. Kwa ufundi hakifikii cha Gurnah, kinarukaruka, lakini askari wake wana midomo. Bandele alikuwa na bahati tusiyokuwa nayo wengi: baba yake alikuwa Burma, na alikuwa anasimulia. Kwa upande mwingine yuko Boro wa Weep Not, Child ya Ngũgĩ, aliyerudi kutoka vita hivyohivyo akiwa amemwacha ndugu yake amekufa huko, na ambaye hasemi. Anakunywa na kunyamaza. Nilipokuwa sekondari nilidhani Boro ni mhusika asiyekamilika. Sasa naona ni mzee ninayemfahamu, isipokuwa wangu alikuwa mchangamfu.

Na hapa nirudi kwenye kinachonitatiza kweli. Niligundua nilikuwa sitafuti ukweli, nilikuwa natafuta Bama. Kila karatasi isiyo na jina la babu niliipa udhuru: labda walikosea herufi, labda alitumia jina la ukoo wa mama. Sikuwahi kumpa shangazi udhuru hata mmoja. Kwa nini? Kwa sababu askari ni hadithi nzuri ya kusoma msibani, na manamba siyo. Manamba katika Kiswahili chetu ni karibu na tusi. Mtu akikuuliza babu yako alifanya nini ukajibu alikata mkonge, mazungumzo yanaishia hapo. Wakati huohuo kamba zilizofunga meli za vita zilitoka mikononi mwa watu hao, na mikono yao ilichomwa na ile miba kila siku, na hawakuwa na hiari kuliko askari. Ilyas mdogo angeweza kurudi nyumbani na kusema tu mjomba alifia Ujerumani, yaishe. Alipeleka habari yote, na kuandamana na Wanazi kukiwemo. Sina hakika mimi ningekuwa na ujasiri huo mbele ya baba yangu kama angekuwa hai.

Mwezi uliopita nilikwenda kwa shangazi na kitabu. Kiingereza chake ni kidogo, kwa hiyo nilikuwa namsomea kwa Kiswahili papo kwa papo, jioni baada ya jioni, naruka pale ninapochoka. (Paradise tayari tunayo kwa Kiswahili, Peponi, iliyofasiriwa na Ida Hadjivayanis. Anayefasiri riwaya kwa mdomo jikoni ndiyo anajua alichokifanya yule dada.) Alimpenda Khalifa, mzee mlalamishi, akasema anamfahamu. Hamza alimwonea huruma. Nilipofika kwenye barua ile fupi ambayo Afiya anaituma kuomba msaada baada ya kupigwa kwa sababu ya kujua kuandika, alininyang'anya kitabu akaangalia ukurasa kana kwamba ataiona.

Jioni ya mwisho nilimaliza. Kitabu kinaishia Ilyas akiwaeleza wazazi wake kwamba mtoto mmoja wa mjomba alimfuata baba yake kambini kwa hiari, akafa naye, ili asiwe peke yake. Nikafunga. Shangazi akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Na dada mtu? Alivyoambiwa akasemaje?"

Nikamwambia kitabu hakisemi, kimeishia hapo.

"Haiwezekani," akasema. "Angalia vizuri."

Nikafungua tena, nikaangalia. Akaniuliza kama namba ya babu nimeiandika mahali, nikamwonyesha, niliiandika kwa penseli ndani ya jalada la nyuma. Akaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kwa mdundo uleule wa babu. Ya tatu nilikuwa nimeikosea. Akachukua penseli akairekebisha.